Injini ilivyotulia kupita kiasi

Kibati cha 0.25 kiligoma kuingia.

Nikadhani nimekishika vibaya, manake silinda ya 4 kwenye Honda S2000 yangu iko nyuma kabisa, imejificha karibu na ukuta wa kabini, mkono unaingia kwa kujipinda na tochi nimeibana kwapani, basi nikakitoa nikakifuta mafuta nikajaribu tena. Kikagoma. Nikachukua cha 0.20, nacho kikagoma. Cha 0.15 kikafika kwenye ncha ya skrubu, kikajikunja, kikarudi. Nikabaki nimeishika ile fila geji, ile seti ya vibati vya kupimia nafasi kwa milimita, mkononi naangalia kibati cha 0.10 ambacho tangu ninunue ile seti sijawahi kukitoa, bado kina yale mafuta yake ya dukani, na hicho ndo kilichoingia. Tena kwa kubana.

Injini ya gari hii, F20C, valvu ya ekzosi, ile inayofunguka kutoa moshi, ikiwa baridi inatakiwa kuwa na gepu ya 0.25 hadi 0.29 mm, yaani nafasi kati ya shina lake na skrubu inayolisukuma.

Na aliyeseti ile valvu ni mimi.

Ni wiki kadhaa sasa tangu siku hiyo na bado inanisumbua. Nimeandika hii mara tatu nikafuta. Kinachonisumbua zaidi ya kosa lenyewe ni kwamba kipindi chote hicho nilikuwa naisikiliza ile injini kwa furaha, nasema sasa imekaa sawa.

## Ilikuwa inalia

Turudi nyuma kidogo. Gari ilikuwa na kamlio, tik tik tik, juu upande wa tapeti kava, lile kava linalofunika vyuma vinavyosukuma valvu, inasikika zaidi ukiiwasha asubuhi na inapungua ikipata moto. Wenye S2000 mnajua kitu cha kwanza kinachokuja kichwani ukisikia kelele mbele ya injini hii, ni kile kikaza mnyororo wa taimingi, kinajulikana kwa kuchoka. Nikaanza na hicho. Nikaweka bisibisi ndefu sikioni, ncha nikaigusisha kwenye kikaza, kimya. Nikapanda juu kwenye kava, ikaja waziwazi. Ni tapeti.

Na kwa kweli tapeti kulia kidogo kwenye injini ya namna hii ni kitu cha kawaida. Haina zile tapeti za haidroli zinazojazwa na mafuta zikajirekebisha zenyewe kama gari nyingi za kawaida, ina roka, vile vyuma vinavyosukuma valvu, zenye skrubu na nati, kama walivyofanya Porsche kwenye 911 za kupozwa kwa hewa miaka yote hadi 964, walibadilisha kwenye 993 tu. Injini inayokwenda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika haitaki uzito wa ziada kule juu, na haitaki kitu laini katikati ya kamshafti na valvu. Kuna injini chache za revu nyingi zinazotumia haidroli na zinafanya vizuri, ile V8 ya BMW S65 inafika 8,400 nayo ina haidroli, ila wengi waliotaka revu za juu walichagua chuma kwa chuma na gepu iliyopimwa kwa mkono.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayajua kabisa, na bado ile tik tik ilikuwa inanikera.

Basi jumamosi moja nikafungua, nikaseti tapeti zote 16, nikafunga. Nikawasha.

Kimya.

Rafiki yangu aliyekuwepo akasema injini imetulia kama imetoka kiwandani leo. Nikarekodi video. Nikamtumia kila ninayemjua anayependa gari. Na kila aliyejibu alisifia kitu kimoja, ule utulivu.

## Ikipata moto

Wiki ya pili ikaanza kumisi, yaani silinda inaruka mlipuko wake.

Sio kumisi kwa kutisha. Asubuhi ukiwasha inakaa vizuri, unaendesha vizuri, VTEC, ule mfumo wa Honda unaozidisha ufunguaji wa valvu mizunguko ikipanda, inaingia pale karibu na 6,000 kama kawaida na inavuta hadi juu. Alafu unarudi, unasimama kwenye taa, injini imeshapata moto wa kutosha, unasikia kiti kinatikisika kidogo. Mara moja. Kimya. Mara nyingine tena. Unajiambia labda mafuta, labda kiyoyozi kimejiwasha. Nilijiambia hivyo siku nne nzima.

Siku ya tano taa ya injini ikawaka. Kodi P0304, yaani silinda ya 4 inamisi.

Nikafanya anachofanya kila mtu. Koili ya 4 nikaihamishia ya 2, ya 2 nikaileta ya 4. Nikaendesha. P0304 tena. Plagi nikazibadilishana vilevile. P0304. Hapo ndo moyo ulianza kushuka, manake koili na plagi ni vitu vya kubadilisha ukaendelea na maisha, ila vikitoka hivyo viwili kwenye hesabu unabaki na mafuta, hewa, au kompresheni, yaani silinda inavyoweza kubana hewa bila kuivujisha. Na mimi nilikuwa nimetoka kufungua kule juu juzijuzi tu.

Nikapima kompresheni injini ikiwa ya moto. Silinda ya 1, 2 na 3 zilikuwa zinafanana, zinapishana kidogo sana. Ya 4 ilikuwa chini yao kwa zaidi ya asilimia kumi.

Nikampigia mzee mmoja fundi aliyenifundisha kushika spana, mtu ambaye ameseti tapeti tangu mimi sijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari inasemaje?"

Nikamweleza yote. Kodi, koili, plagi, kompresheni. Akanisikiliza hadi mwisho alafu akauliza swali moja tu.

"Ikiwa baridi inamisi?"

"Hapana mzee, ikiwa baridi iko safi. Mpaka ipate moto."

Akanyamaza kidogo. "Na tapeti zinalia?"

"Hazilii kabisa," nikasema, na nakumbuka nilisema kwa sauti ya mtu anayetegemea kusifiwa.

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi hapo ndo pa kuanzia. Tapeti ikilia kidogo unajua iko wapi na inafanya nini. Ikinyamaza kabisa mwanangu, lazima uinuke ukaangalie inanyamaza kwa nini."

## Gepu ni ya nini hasa

Sitaki kurudia somo ambalo wengi wenu mnalijua, ila kuna sehemu yake moja ambayo mimi nilikuwa naijua kwa mdomo tu, na nilianza kuielewa nikiwa nimekaa chini usiku ule baada ya ile simu.

Tunasema gepu ipo kwa sababu chuma kinatanuka kikipata joto. Ni kweli. Kipande cha chuma cha urefu wa mm 100 kikipanda joto digrii 100 kinaongezeka urefu kama 0.12 mm, na valvu ya ekzosi haipandi digrii 100 peke yake, kichwa chake kinaweza kupita digrii 700 gari ikiendeshwa kwa nguvu. Ndo maana ya ekzosi inaachiwa nafasi kubwa kuliko ya kuingizia hewa, ambayo kwenye injini hii ni 0.21 hadi 0.25. Mpaka hapo hakuna jipya.

Ila jiulize ile valvu inapoa vipi.

Haina maji ndani yake. Inapitiwa na moto kila mzunguko. Sehemu kubwa ya joto lake inatolewa mahali pamoja, pale inapokaa kwenye siti yake ikiwa imefungwa, ule mduara mwembamba wa chuma unaogusana na chuma, na kutoka pale joto linaingia kwenye silinda hedi na maji yanalichukua. Kiasi kingine kinapitia kwenye shina. Sasa kwa mizunguko 9,000 kwa dakika kila valvu inafunguka mara 75 kwa sekunde. Sabini na tano. Mzunguko mzima wa kazi, kuvuta hewa, kubana, kulipuka, kutoa moshi, unaisha ndani ya milisekunde 13 na kidogo, na ndani ya hizo lazima valvu ipate muda wa kukaa chini na kupumzika kwenye siti yake.

Ile gepu ndo inayoipa ruhusa ya kukaa.

Ukiinyima gepu, ikitanuka roka inaishikilia juu, kidogo sana, nywele tu, na pale inapotakiwa kuwa imefungwa inabaki wazi kwa upenyo usioonekana kwa macho, moto unapita pale kwenye upenyo kwa nguvu zote za mlipuko, na wakati huohuo valvu imekosa mahali pa kupeleka joto lake. Inapata moto zaidi. Inatanuka zaidi. Inafunga vibaya zaidi. Hapo ukingo wake unaanza kuungua.

Na haya yote yanatokea bila sauti, kwa sababu sauti ya tapeti ni skrubu kugonga kichwa cha shina baada ya kuvuka ile gepu. Ikiwa hakuna cha kuvuka hakuna cha kugonga.

Gepu ikiwa kubwa mno nayo ni mbaya, sikatai, valvu inachelewa kufunguka na inafunguka pungufu, nguvu inapungua, na kule kugonga kunakula vyuma taratibu. Lakini yenyewe inakwambia. Inakuamsha. Unapata wiki na miezi ya kusikia kabla haijaharibika kitu cha maana. Iliyobana haikupi hata siku moja. Na kinachonitisha ni kwamba siti za ekzosi zikichakaa valvu inazama juu kidogo kidogo, na kila inavyozama shina lake linasogelea skrubu, yaani gari ya namna hii ikiachwa miaka mingi valvu zake za ekzosi zinaweza kubana zenyewe huku mwenye gari akifurahia kwamba injini inazidi kutulia na umri.

Watu wengi husubiri kelele ndo wafungue. Mimi pia nilifungua kwa sababu ya kelele.

## Upande mmoja wa nati

Nilivyofungua kava nikakutana na kile kibati cha 0.25 nilichoanza nacho, ya 4 imebana. Sasa ilibanaje? Hili ndo lililoninyima usingizi, kwa sababu nilikumbuka vizuri nilivyofanya. Nililegeza nati, nikaweka kibati, nikashusha skrubu kwa bisibisi hadi nikasikia kibati kinavutika kwa uzito, nikakaza nati. Silinda ya 1, ya 3, ya 4, ya 2, kwa mpangilio wake wa kuwaka. Kila silinda pistoni ikiwa juu, valvu zote nne zimefungwa. Krenkshafti nikiizungusha kwa kufuata saa, manake hii inazunguka hivyo, tofauti na zile injini za Honda B16 nilizozoea ambazo zinazunguka kinyume.

Nilifuata kila hatua.

Nikaenda nikakaa na skrubu moja ya ziada mezani na nati yake, nikaizungusha polepole nikiiangalia. Uzi wa skrubu hizi ni mwembamba, mzunguko mmoja kamili unaishusha skrubu 0.75 mm. Nati ina pembe sita. Sasa fanya hesabu niliyoifanya mimi saa sita usiku. Skrubu ikizunguka kwa kiasi cha upande mmoja tu wa nati, yaani sehemu moja ya sita ya mzunguko, inashuka 0.125 mm.

Hiyo ni karibu nusu ya gepu yote ya ekzosi.

Upande mmoja wa nati! Unaufunika kwa kucha.

Na unapokaza nati, nati inataka kuondoka na skrubu. Inaivuta ifuate. Ndo maana unatakiwa uishikilie skrubu kwa bisibisi isisogee wakati spana inakaza, alafu ukishakaza unapima upya, kila moja, bila kuruka. Nikaikumbuka silinda ya 4. Nikakumbuka mkono umejipinda, bisibisi haijasimama wima, nati ikakaza na bisibisi ikachomoka kwenye mfereji wake. Nilisikia ikichomoka. Nikasema aah, imeshakaza, haina shida. Nilikuwa nimebakiza valvu chache nimalize.

Na sikupima upya. Hizo za nyuma mbili sikuzipima upya.

Nimefikiria sana kuhusu ile sekunde. Sikuwa na haraka ya kwenda popote. Nilikuwa nimechoka mgongo tu, na kazi ilishanionyesha kwamba naiweza, valvu kumi na kitu mfululizo zimeenda vizuri, na kule kuiweza ndo kulikonifanya niache kuangalia.

## Uzito wa mkono

Kuna kosa la pili na hili si la bisibisi. Siku ile ya kibati kugoma, nilipozipima zile nyingine kabla sijagusa kitu, karibu zote za ekzosi zilikuwa chini ya 0.25. Kidogo tu. Moja 0.24, moja 0.23, hivyo. Hazikuchomoka bisibisi zote hizo. Nilizibana mwenyewe kwa mkono wangu.

Ukimuuliza mtu kibati kinatakiwa kuvutika vipi utapata majibu mengi sana. Mmoja anasema kama kuvuta karatasi iliyobanwa kwenye kitabu. Mwingine anasema kama kisu kinapita kwenye siagi. Mwingine anasema utajua tu. Na wote wanasema kweli, kwa mikono yao. Mkono wangu mimi unapenda uzito. Nikivuta kibati na kisipovuta sana naona kama gepu ni kubwa, nashusha skrubu tena kidogo, na kile kidogo ni 0.02 au 0.03, na nafasi yote tuliyoruhusiwa kutoka chini hadi juu ni 0.04. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene kama 0.1. Tunaongelea chini ya nusu ya karatasi.

Na tuseme ukweli, nilikuwa naziseti huku nikitamani ukimya. Mkono unajua unachotamani.

Mzee nilimuuliza kuhusu hili, nikamwambia mzee wewe unausikiaje ule uzito. Akasema hausikii. Akasema aliacha kuusikiliza zamani, anaiuliza valvu maswali mawili tu. Kibati cha chini kinaingia? Lazima kiingie. Kibati kilichozidi kile cha juu kinaingia? Lazima kigome. Yaani kwa ekzosi 0.25 kinapita bila kulazimisha, 0.30 kinakataa. Basi. Ikijibu yote mawili sawasawa unasonga mbele, uzito wa mkono wako hauna kazi hapo.

Nilivyolisikia nilikaa kimya kwenye simu, manake ni jambo jepesi kiasi kwamba niliona aibu ya kuwa sikulifikiria.

Kwa zile za kuingizia hewa inabidi uunganishe vibati, 0.15 na 0.06 vinakupa 0.21 ya kupita, 0.20 na 0.06 vinakupa 0.26 ya kugoma. Ila ukiunganisha vifute vizuri kabisa, mafuta yakikaa katikati ya vibati viwili nayo yana unene wake, na kwa vipimo hivi unajidanganya bila kujua.

## Nilichokuwa nakikwepa

Nikishajua valvu ya silinda ya 4 imebana ningeweza kuiseti palepale nikafunga. Nilitaka kufanya hivyo. Nilishika spana kabisa.

Nikaiweka chini, kwa sababu kulikuwa na swali kubwa zaidi ambalo kuseti kusingelijibu. Nimeendesha nayo hivi kwa muda gani, na nimeifikisha 9,000 mara ngapi? Mara nyingi. Niliipeleka juu makusudi, kila siku, kwa sababu ilikuwa imetulia na ilikuwa tamu. Kama ukingo wa valvu umeshaanza kuungua, gepu sahihi haitaurudisha. Hapo ni kushusha silinda hedi.

Nikaogopa kupima. Nasema kweli. Siku mbili gari ilikaa imefunuliwa kava, nimeifunika kwa kitambaa safi, na kila nikipita naiangalia tu.

Siku ya tatu nikajikaza. Nikaiseti kwanza ile valvu ili isiwe imeshikiliwa na roka, nikaweka pistoni ya 4 juu, nikazuia krenkshafti isizunguke, nikaingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi. Alafu nikaenda nyuma ya gari, nikapiga magoti, nikaweka sikio kwenye bomba la ekzosi.

Hewa ikitoka kwenye mdomo wa kuingizia mafuta ya injini ni ringi. Ikitoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa ni valvu ya upande huo. Ikitoka nyuma nilipokuwa nimepiga magoti ni ile ile ninayoiwaza.

Kulikuwa na hewa. Ndogo, kama mtu anapuliza kijiko cha chai ya moto mbali kidogo na wewe. Nikashikilia pumzi yangu mwenyewe ili nisichanganye. Bado ipo.

Nikaenda silinda ya 3, nikarudia yote, nikarudi nyuma nikapiga magoti. Ya 3 ilikuwa kimya kabisa. Ya 2 kimya. Ya 1 kimya. Kwa hiyo ni ya 4 tu.

Nikachukua kamera ya waya nikaiingiza kwenye tundu la plagi, pistoni nimeishusha chini na nimezungusha hadi valvu za ekzosi zimefunguka, nikauzunguka ukingo wa kila moja polepole. Valvu iliyoungua inaonekana, rangi ya ukingo inabadilika sehemu moja, au unaona kapengo. Niliizunguka mara nne. Moja ilikuwa na eneo lenye rangi hafifu kuliko sehemu nyingine, urefu wa punje ya mchele hivi. Pengo sikuliona.

Nikakaa chini pale pale sakafuni muda mrefu. Sikujua kama nifurahi.

## Asubuhi ile

Niliziseti upya zote 16 asubuhi, injini imelala usiku mzima. Mara ya kwanza nilikuwa nimeiendesha asubuhi nikaseti mchana, nikaigusa hedi kwa mkono nikaona imepoa. Mkono haujui. Kitabu kinataka hedi iwe chini ya digrii 38, na namna pekee ya kuwa na uhakika bila kipima joto ni kuiacha ilale.

Safari hii nilianza na silinda ya 4, mgongo ukiwa bado mzima. Nilitafuta bisibisi fupi yenye ncha inayojaa mfereji wote wa skrubu. Nati nikaishika kwa spana ya 10 ya pete, bisibisi imesimama wima katikati yake, nikakaza huku naangalia mfereji wa skrubu na sio spana. Mfereji haukusogea. Nikapima, 0.25 kikapita, 0.30 kikagoma. Nikaandika kwenye daftari. Nikahamia nyingine. Mbili zilisogea nilipokaza, nikazilegeza nikaanza upya. Ilinichukua karibu saa tatu, mara ya kwanza ilikuwa chini ya moja na nusu.

Nikafunga kava, gasketi mpya, silikoni kidogo kwenye kona zinazohitaji. Nikawasha.

Tik tik tik.

Ndogo, ya haraka, inalingana kote. Nikasimama pembeni ya injini naisikiliza mpaka feni ikajiwasha.

Nimeendesha kilomita 600 bila kuipitisha 5,000. P0304 haijarudi. Ikiwa ya moto inasimama bila kutikisika. Jumapili nilipima kompresheni tena, silinda ya 4 imepanda, sasa iko chini ya wenzake kwa asilimia nne. Hewa kwenye ekzosi bado inasikika ukisikiliza kwa makini, ila nadhani imepungua, na nasema nadhani kwa sababu kule nyuma ya gari sina kipimo zaidi ya sikio langu, na sikio langu limeshanidanganya mara moja mwaka huu. Nimeagiza geji mbili za kupima uvujaji kwa asilimia.

Zikifika nitapima tena. Ikiwa ya 4 bado inavuja sana baada ya kilomita hizi 600, hedi inashuka, nimeshasafisha meza.

Mzee aliniomba nimtumie video ya sasa. Nikamtumia, sekunde ishirini, kava limefungwa, injini ya moto. Akajibu kwa ujumbe wa sauti. Anacheka kidogo, alafu anasema, "Eeh. Sasa naisikia."